Swali la Mwosha Maiti

Mama yangu alifariki Alhamisi asubuhi, na ilipofika mchana tatizo langu lilikuwa moja tu: nani atamwosha. Kwetu Pemba, na kwa Wapemba wa London vilevile, mwanamke akifa huoshwa na wanawake wenzake, na mwenye haki ya kwanza ni binti yake. Binti ni mimi, na mama hakuwa na mtoto mwingine. Ndugu zake waliobaki wote wako Pemba. Nami nilikuwa na mwaka wa tisa siamini kwamba Mungu yupo.

Nikishaandika hivyo naona si sawa. Sikuamka siku moja nikaikana dini. Iliondoka kidogo kidogo. Kwanza niliacha sala ya alfajiri kwa sababu ya usingizi, halafu adhuhuri kwa sababu ya kazi, halafu Ramadhani moja nikagundua nafunga kwa ajili ya futari ya mama na si kwa jambo jingine. Siku moja, nikiwa ndani ya basi natoka kwetu Kilburn, nikamtafuta moyoni yule niliyekuwa nikizungumza naye tangu utoto, nikakuta sina wa kuzungumza naye. Nililia mpaka kituo changu kikanipita. Na hata hivyo, nikishikwa na homa nasema Yarabi. Nikiapa, naapa wallahi. Nguruwe sijamla na sitamla, na usiniulize kwa nini.

Niliwahi kumwambia mtu mmoja tu, Mwingereza tuliyekuwa tukikaa meza moja afisini, kwenye idara ya nyumba. Alifurahi sana. Akasema kumbe na wewe ni mwenzetu, huamini, karibu. Akanipa mkono kabisa, utadhani nimefaulu mtihani. Nilichukia. Yeye hakupoteza kitu. Kwao hata babu yake hakuwa akienda kanisani. Mimi nilikuwa nimefiwa, na mtu ananipongeza. Tangu siku hiyo sikulizungumza tena jambo hilo na mtu yeyote.

Mama ndiye niliyemficha zaidi. Miaka mitatu kabla ya kufa alipata kiharusi, upande wake wa kushoto ukalala, nikaomba kazi ya nusu siku ili nimtunze. Nilimwogesha mimi. Nilimtawadhisha mimi pia: namkalisha kitini, naweka beseni chini, namimina maji kwa kopo la plastiki, uso, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, natia maji kichwani, naosha miguu. Udhu wa mama ulikuwa haukosi kitu. Halafu namgeuza na kiti chake kuelekea kibla, kati ya kabati na dirisha, anasali. Akimaliza huniuliza, "Ushasali?"

"Nishasali, mama."

Kila siku. Nilikuwa nikilisema hilo huku nakamua taulo, bila hata kumtazama. Nilijiambia namhurumia, mgonjwa hafai kupewa majonzi. Pengine nilikuwa naogopa tu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anamwogopa mama yake asiyeweza kuinuka kitini.

Basi Alhamisi hiyo, vyeti vya hospitali vikiwa mkononi, nilikaa jikoni nikafikiri visingizio. Cha kuwa mwezini kilishanitoka kwa umri. Ningeweza kusema siwezi kustahamili. Mabinti wengi husema hivyo na hakuna anayewalaumu. Lakini mwili ule nilikuwa naujua mimi. Nilijua wapi panamuuma, wapi ngozi imekuwa nyembamba. Sikutaka mkono wa mtu mwingine umguse nami nimekaa nje na kikombe cha chai.

Kwa upande mwingine, mama aliamini, tena aliamini haswa, kwamba kuoshwa kwake ndiyo safari yenyewe inaanza, na kwamba anayemwosha lazima awe Muislamu mwenye niya safi. Je, nikiingia mimi na moyo wangu mtupu, nikamharibia? Mimi nisiyeamini kaburi lina maswali, nilikuwa naogopa mama asije akakwama kwenye maswali hayo kwa sababu yangu. Cheka ukitaka. Usiku huo niliona hakuna kosa kubwa zaidi duniani, na mtu haoshwi mara ya pili. Asubuhi nikakata shauri: nitamwambia mwosha maiti ukweli mlangoni, aamue yeye.

Mwosha maiti wetu ni bibi wa Kipemba wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alisafisha maofisi ya watu London maisha yake yote, na wanawake wetu wakifa huitwa yeye. Alikuwa akimjua mama. Ijumaa asubuhi nilimkuta msikitini, kwenye chumba cha nyuma, ameshapanga vitu vyake: sanda, pamba, unga wa majani ya mkunazi, karafuu maiti. Majirani wawili walikuja kusaidia. Alisimama mlangoni na boksi la glavu, na kabla ya kumpa mtu alimuuliza swali moja.

"Unasali?"

"Nasali, bibi," akasema wa kwanza. Akapewa glavu.

"Unasali?"

"Alhamdulillahi, nasali." Akapewa.

Ikafika zamu yangu. Maneno nilikuwa nayo, niliyarudiarudia njia nzima. Akanitazama kwa huruma ya msiba. "Unasali, mwanangu?"

"Nasali," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kwa sauti ileile niliyokuwa nikimjibu mama. Akanipa glavu.

Tulimwosha taratibu, amefunikwa shuka, upande wa kulia kwanza. Bibi aliyakanda maungo yake yakalegea, na kiganja cha kushoto, nilichojaribu kukikunjua miaka mitatu kwa mafuta na maji ya moto, kikafunguka. Nilikiosha ndani. Wenzangu walikuwa wakisoma chini kwa chini, nami nilichezesha midomo. Nilimpenda mama yangu saa ile kuliko saa nyingine yoyote, na kila kopo la maji nililomimina nilikuwa najiambia, umemdanganya mpaka hapa.

Tulimzika Ijumaa ileile. Jumapili ilikuwa hitima, nyumbani kwetu Kilburn. Wanawake walijaa sebuleni, kila mmoja na juzuu yake. Mimi nilikuwa jikoni namimina chai ndipo yule bibi akaingia, akarudisha mlango.

"Mwanangu, n'na maneno ya mama yako. N'likuja kumtazama mwaka jana, we' uko kazini. Akanambia, 'Mwanangu hasali. Ananambia kasali, lakini hasali. Siku yangu ikifika usimuulize kitu, mwache anikoshe yeye. Mikono yake n'shaizoea.'"

Nikaiweka birika chini. Sijui mama alijuaje. Nyumba yenyewe vyumba viwili, kuta nyembamba. Pengine alijua tangu mwanzo, na kila siku aliponiuliza alikuwa ananipa nafasi ya kusema.

"Sasa mbona uliniuliza, bibi?"

"Mazoea, mwanangu. Kila anayeingia namuuliza. N'shakuuliza ndo n'kakumbuka, n'kaona haya." Akanishika mkono. Alikuwa anatabasamu, amefurahi kweli. "Lakini uliposema unasali, moyo wangu ukatua. N'kasema alhamdulillahi, kumbe bibi wa watu kamdhania mwanawe vibaya. Basi n'mekuja kumwombea msamaha. Msamehe mama yako kwa dhana ile, asende nayo."

Ilikuwa rahisi sana. Nimemsamehe, neno moja, angetoka ameridhika na chai ingekuwa bado moto. Lakini mama ndiye aliyesema kweli kati yetu wawili, na mimi nilikuwa naombwa nimsamehe kwa hilo.

"Mama hakunidhania vibaya," nikasema. "Mimi sisali, bibi. Mwaka wa tisa huu."

Mkono wake ukabaki juu ya wangu, lakini tabasamu lilikwenda. Kule sebuleni mtu alikuwa anauliza nani amemaliza juzuu yake.

"Huamini?"

"Sijui. Siku nyingi siamini."

Nilidhani atanitoa jikoni kwangu mwenyewe.

"Ungenambia tu," akasema. "N'ngekuingiza vilevile."

Akachukua sinia la vikombe akatoka nalo. Niliona haya kama sijapata kuona. Nilitaka kumwomba mama radhi, na mama alikuwa na siku ya tatu kaburini.