Sanduku la Jezi za Kijani

Saa kumi na moja alfajiri, Verlin Duckett anafungua chumba cha kufulia kilicho chini ya uwanja wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Brannock, Iowa. Anawasha mashine mbili. Ya tatu anaipiga teke la upole, nayo inaanza kunguruma.

"Huyu ni kama mimi," anasema. "Asubuhi hataki kuitwa, anataka kusukumwa."

Msimu umekwisha wiki mbili zilizopita. Leo anafua jezi kwa mara ya mwisho kabla ya kuzihifadhi. Anazigeuza ndani nje moja moja, anakagua mishono, anazitumbukiza. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na miwili. Analipwa dola kumi na nne na senti hamsini kwa saa, na zaidi ya hizo, anapata bima ya afya.

Bima hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi tangu Agosti.

Mwezi huo Kocha Lamont Whitsett aliwasili Brannock kuinoa timu ya wanaume, Korongo, ambayo mwaka uliotangulia ilishinda michezo mitano kati ya ishirini na saba. Wakati huohuo chuo kilikuwa kinafikiria kuipa kampuni kazi ya kufua. Kocha mpya aliombwa aandike barua kabla ya Machi kwisha, aseme kama anamhitaji mtu wa vifaa, yaani Verlin, au hapana.

"Aliniambia usoni," anakumbuka Verlin. "Alisema, 'Mzee Verlin, mimi sikujui. Nipe muda nikuone.' Nikamjibu, sawa, macho ni yako."

Mkewe, Nadine, anaugua kisukari. Wote wawili wana miaka sitini na mitatu, na bima ya serikali huanza kwenye sitini na mitano. Bila bima ya chuo, insulini ya miaka miwili ingetoka mfukoni mwao.

"Nilimwambia Mungu sihitaji mengi," anasema Nadine. "Nikamwambia, miaka miwili tu, Baba. Miwili si mingi kwako."

Verlin anasema alijua mapema kwamba mwaka huu ungekuwa tofauti. Hakujulia uwanjani, alijulia kwenye kikapu cha nguo chafu.

"Mwaka jana nguo za mazoezi zilirudi nusu kavu. Unaelewa maana yake? Oktoba hii zilirudi nzito kama mbwa aliyetoka mtoni. Nikamwambia Nadine, hawa watoto wanafanya kazi."

Chini ya Whitsett, hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuoga kabla ya kufunga mitupo huru hamsini. Kila mchezaji alipeleka taulo lake mwenyewe kikapuni. Kufikia mwisho wa Februari, Korongo walikuwa wameshinda michezo kumi na tisa na kushika nafasi ya pili katika ligi ya vyuo kumi. Robo fainali waliichezea nyumbani wakashinda. Nusu fainali ilipangwa Jumamosi mjini Waterloo, maili tisini kutoka Brannock, kwenye uwanja usio wa timu yoyote.

Verlin alifunga sanduku kama alivyolifunga kwa safari zote. Jezi nyeupe ni za mwenyeji, jezi za kijani ni za safari.

Saa sita mchana, zikiwa zimebaki saa mbili mchezo uanze, alikuwa ameshazitundika zote kumi na mbili, kijani kibichi, namba zikitazama mlango. Nahodha Tavion Meeks akaingia.

"Mzee Verlin, hizi za nini?"

"Za kuvaa. Ulitaka nikuletee suti?"

"Mzee, leo sisi ndio wenyeji! Sisi wa pili, wale wa tatu. Aliye juu ndiye anavaa nyeupe. Wapinzani wako nje wanapasha, wamevaa bluu iliyokoza."

Sheria ya ligi ni hiyo, na Verlin aliijua. Ila katika miaka yake yote Brannock haikuwahi kufika kwenye uwanja wa aina hiyo ikiwa juu ya mpinzani wake. Huko walikwenda kama wageni, mara nyingi wakarudi jioni ileile wameshindwa. Mikono yake ilifunga za kijani yenyewe.

"Nilitoka na simu mkononi," anasema. "Ningeweza kumpigia Nadine kimyakimya. Nililiwaza hilo kwa hatua kama nne hivi. Kisha nikaona, nikificha hili leo, kesho nitaficha lingine."

Akaenda kwa kocha, aliyekuwa anachora ubaoni.

"Kocha, nimekosea. Nimeleta kijani."

Whitsett aliweka kalamu chini. "Nyeupe ziko wapi?"

"Nyumbani kwangu, chumba cha chini, kwenye kamba."

"Kwako? Kwa nini?"

"Mashine ya kukaushia inabandua namba. Nadine huzianika, zinazobanduka anazishona."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja."

Kocha alitazama saa ya ukutani. "Basi mpigie Nadine. Mimi naenda kwa marefa."

Hakupiga kelele. "Angepiga, ningepumua," anasema Verlin. "Ule upole wake niliusoma kama ile barua."

Nadine alikuwa amekwisha kuondoka na akina mama sita wa kanisa, wakienda kushangilia. Simu ilimkuta kwenye kituo cha mafuta, mwisho wa mji.

"Wewe mzee, umesahau miwani tena?"

"Hapana. Nimesahau kwamba siku hizi tunashinda."

Nadine aligeuza gari. Jezi zilikuwa bado mbichi kwenye kola, kwa hiyo kila mama alilaza mbili mapajani na kipasha joto kikafunguliwa mpaka mwisho. Miguuni pao zilikuwa sinia za mikate ya mdalasini, ya kuliwa na supu ya maharage baada ya mchezo.

"Tuliomba, tukatoka jasho," anasema Nadine. "Mama mmoja akasema, Bwana, utufikishe kabla hatujaiva."

Waterloo, Korongo walipasha misuli kwa fulana za mazoezi. Mashabiki wa upande wa pili wakaanza kuimba, "Nguo ziko wapi? Nguo ziko wapi?"

Zikiwa zimebaki dakika tisa mchezo uanze, Nadine alifika kwenye mlango wa wachezaji akikimbia. Mlinzi akamzuia.

"Tiketi, mama?"

"Tiketi yangu hii hapa," akasema, akamwonyesha rundo la kaptula.

Ndani, Tavion alivuta jezi kichwani, akasita, akanusa. "Hii yangu inanukia mdalasini."

"Usiile," akasema Whitsett. "Ina kazi."

Korongo walishinda, 71 kwa 68. Kesho yake fainali iliwashinda kwa pointi tisa. Walisimama pembeni wakatazama wenzao wakipanda ngazi na kuukata wavu kipande kwa kipande, kama ilivyo desturi ya mabingwa.

Jumatatu Verlin aliitwa ofisini kwa kocha. Alikwenda amevaa shati la kanisani.

"Nikamwambia, Kocha, kama umeshaiandika, nisomee tu, nikamwambie mke wangu mwenyewe."

Whitsett alimtazama kwa mshangao. "Barua? Mzee, niliipeleka Januari, chuo kikakubali. Hawajakuambia?"

Akamtolea nakala. Tarehe kumi na nne Januari. Sentensi tatu. Ya mwisho ilisema kwamba timu inaweza kubadilisha kocha ikaendelea, kama ilivyokwisha kufanya, lakini asingependa kuiona ikijaribu kuendelea bila Bwana Duckett.

Verlin aliketi bila kukaribishwa. Alipompigia Nadine, kwanza alisikia kilio, kisha kicheko.

"Miezi miwili!" mama huyo anasema hata sasa, akipangusa macho. "Miezi miwili nampigia Mungu magoti kwa jambo alilokwisha kulijibu! Na yeye kanyamaza tu, ananisikiliza."

Mashine ya tatu inatulia. Verlin anatoa jezi nyeupe, anazikung'uta, anaziweka kapuni azipeleke nyumbani kwenye kamba. Mwakani, anasema, sanduku litabeba zote, nyeupe na kijani, hata likimvunja mgongo.

Anafunua kifuniko cha sanduku na kuonyesha mfuko mdogo alioushona Nadine kwa ndani. Mna mkasi mpya, bado umo katika karatasi yake.

"Si wa kukatia bandeji," anasema. "Huu ni wa wavu. Nina miaka miwili."