Ukuta wa Upande Wetu

Mume wangu alichora makanisa. Wamisionari walimpa kazi hiyo hata kabla hatujaoana, na wiki alizokuwa nyumbani alifundisha vijana kuchora ramani za majengo katika shule ya ufundi hapa Tabora. Wiki hii Sikonge, wiki ijayo Nzega, na baiskeli yake. Mimi nilibaki na mtoto. Nilisoma hadi sekondari, na wasichana tuliofika huko tulikuwa wachache, kisha nikaishia kushinda ndani nikizungumza na mtu asiye na meno.

Kwa hiyo Jumapili niliingojea. Nilitaka kitu kimoja tu: nikae ndani ya kanisa, nisikie mahubiri mpaka mwisho.

Kanisa letu alilichora yeye. Paa alilipandisha makusudi. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mchungaji akinong'ona mimbarani, bibi aliyekaa mlangoni atamsikia. Ni kweli. Ila mtoto akilia mlangoni, mimbarani nako anasikika. Basi mtoto akianza tu, mzee wa kanisa anakuja upande wetu wa wanawake, anainama: "Mama, mpeleke nje kidogo." Nje ni ukuta mtupu wa matofali na jua. Nilisimama pale Jumapili baada ya Jumapili, peke yangu, nikitazama barabara ya zamani ya misafara, nyimbo nikizisikia kama mpita njia.

Nikamwambia mume wangu, "Kanisa lijalo weka baraza upande wetu, na dirisha. Tukae kivulini, tuone, tusikie."

"Nitafikiria," alisema, macho kwenye karatasi.

Ramani ya kanisa la Ipole ilipokamilika, baraza lilikuwepo. Zuri, lenye nguzo za mninga. Nyuma yake, ukuta mzima.

"Dirisha liko wapi?"

"Mama mtoto, nikitoboa hapo kelele zinarudi ndani. Baraza nimewaonyesha wanafunzi, wamelipenda."

"Wanafunzi wako wananyonyesha?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumapili iliyofuata alikaa mbele, upande wa wanaume, pamoja na wanafunzi wake. Mtoto alipoanza kulia, mzee wa kanisa akainuka. Nikamwahi. Nilikatiza kanisa zima, nikamweka mtoto mapajani mwa baba yake.

"Baba mtoto, mpeleke nje kidogo."

Kwa lile paa lake, kila mtu alisikia. Mwanafunzi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mume wangu akatoka na mtoto.

Nilirudi kukaa. Wanawake wa benchi langu walisogea mbali nami, kama nina ndui. Nikayasikiliza mahubiri yote, na neno moja silikumbuki. Masikio yangu yalikuwa nje, kwa mtoto.

Tulirudi nyumbani, mume wangu akitangulia. Shati lake lilikuwa limelowa jasho na matapishi. Jioni aliitandaza ramani ya Ipole mezani, akafuta kipande cha ukuta wa upande wetu, akachora dirisha. Dirisha pana.

Hakuniita nilitazame. Nililiona kesho yake, alipokwenda kufundisha.