Picha Niliyoona Haya Kuipiga

Kwaya yetu ya Jakobsberg, huku Uswidi, ilikuwa na kompyuta isiyoshikika. Ndani ya kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma nilikuwa nimeunda nyingine, mashine pepe, na humo ndimo zilimokaa nyimbo zote tulizorekodi.

Uzuri wa mashine pepe ni kwamba unaweza kuipiga picha ya hali yake yote kabla hujaigusa. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, virsh snapshot-create-as kwaya kabla, unabonyeza, basi. Ukiharibu, unairudisha ilivyokuwa. Kazini kwangu Jordbro siigusi mashine bila picha, hata nibembelezwe vipi.

Jumapili moja baada ya ibada nikatangaza kwamba nataka kuuboresha mfumo wa ile mashine ya kwaya. Bora ningenyamaza. Wakenya, Watanzania, Wakongo, wote wakaja wakaiwekea mikono, na maombi yakaenda kwa Kiswahili na Kifaransa mpaka kahawa ikapoa. Waliposema amina, macho yote yalikuwa kwenye vidole vyangu. Jamani, ningeanzaje kupiga picha ya tahadhari mbele ya watu wenye imani namna ile? Niliona haya. Nikabonyeza.

Ikazima, haikuamka. Jasho likanitoka, na nje theluji. Kila mtu alikuwa na ushauri, hata wasiojua chaja zao ziko wapi. Kwa kiherehere nikairudisha kwenye picha ya mwisho niliyokuwa nayo, ya wiki tatu nyuma. Ikaamka nzima, vigelegele vikapigwa, ndipo nikakumbuka kwamba wimbo wa Mama haumo.

Mama huyo ni bibi wa Burundi, mkubwa kuliko sote. Wimbo ule alifundishwa na mama yake, na kati yetu hakuna mwingine aliyeujua. Tulimrekodi Jumapili iliyotangulia kwa sababu Alhamisi ya wiki hii angehamia kwa binti yake Umeå, mbali kaskazini. Kwenye simu yangu je? Nilishaufuta nipate nafasi ya video za magoli ya mpira.

Nilimkuta akivaa buti. Nikaungama yote, pamoja na ile haya yangu. Kusema kweli nilitaka kulia.

“Sisi tulikuombea ufanye kazi yako vizuri, mwanangu,” akasema. “Nani alikwambia usiifanye?”

Nikatoa simu, nikamwomba turekodi tena. Akaisukuma kando.

“Wimbo ninao mimi, haujapotea. Kaa hapa uuimbe mpaka uujue.”

Sauti yangu ni ya debe bovu, ndiyo maana kwenye kwaya nilipewa kompyuta. Treni nne za kunirudisha nyumbani zilinipita. Kila nilipokosea mstari alinianzisha upya, wala hakunionea huruma.

Alhamisi nilimsindikiza stesheni, nikampandishia masanduku. Kabla mlango wa treni haujafungwa akaniambia niuimbe. Pale pale jukwaani, mbele ya Waswidi waliokuwa wakiangalia viatu vyao, nikauimba wote.