Burundi Ilipokosa wa Kuioa

Katika mwaka wa pili wa michezo ya wageni hapa Durban, sisi Warundi tulikuwa na viongozi wa kutosha kuongoza nchi mbili, na wachezaji wasiojaza taxi moja. Tulikuwa na mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, mshauri wa mwenyekiti, msemaji, na mzee mmoja ambaye kazi yake siijui mpaka leo, ila alikuwa na suti. Siku ya ufunguzi wote walitangulia mbele, tumbo kwa tumbo, wakipunga mikono kama watu waliochaguliwa. Nyuma yao wakafuata wachezaji. Nyuma ya wachezaji nikafuata mimi na ndoo yangu ya maharage, maana hakuna aliyeniambia nisifuate.

Michezo hiyo ilianzishwa na makanisa ya wageni. Kila taifa linaleta watu wake: Wacongo, Wamalawi, Wazimbabwe, Wahabeshi, Wanyarwanda, na sisi. Mpira, kuvuta kamba, mbio, mchezo wa dama wa wazee. Uwanja tuliazimwa na shule moja ya Glenwood, huko ambako wanafunzi wa chuo wanapanga vyumba. Ni michezo ya kimataifa kabisa, walituambia, ingawa mataifa karibu yote yalishuka kwenye taxi zilezile kutoka Cato Manor, tunakoishi.

Bendera yetu ilishonwa na fundi mmoja Mmalawi wa kule Clairwood, anayeshona maturubai ya malori. Bendera ya Burundi ina nyota tatu. Yeye aliweka nne. Mwenyekiti wetu alipolalamika, fundi akasema, “Baba, kitambaa kilibaki. Hiyo moja nimekupa bure.” Basi tukaandamana na nyota ya bure. Hakuna aliyegundua. Nchi ndogo ina raha hiyo, hata ukiikosea hakuna anayejua.

Mpira tulifungwa na Wamalawi mpaka wenyewe wakaanza kutuonea huruma na kupiga nje kwa makusudi. Golikipa wetu ni fundi wa simu mjini, na simu yake ilikuwa inaita langoni, naye anapokea. “Niko kazini,” alikuwa anasema, huku mpira unampita. Kwenye kamba Wazimbabwe walituburuta hadi karibu na gari la msalaba mwekundu. Kwenye dama mzee wetu alikuwa anaongoza vizuri kabisa, kisha akasinzia. Ndizi nilizowaletea wachezaji zilichukuliwa na nyani wa Glenwood, ambao siku ile, kwa maoni yangu, ndio walikuwa timu iliyojipanga kuliko zote.

Ningecheka na hadithi ingeishia hapo. Lakini kulikuwa na jambo.

Mwaka wa kwanza tulirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo mwaka huo wa pili mchungaji aliyekuwa mkubwa wa kamati alishika kipaza sauti asubuhi na mapema, akatangaza sheria mpya. Taifa ambalo halitapata nafasi ya kwanza, ya pili wala ya tatu katika mchezo wowote, mwaka unaofuata litaunganishwa na jirani yake, kwa sababu mataifa ni mengi na siku ni moja. Hakututaja. Alitutazama tu. Na jirani yetu, alivyopanga, ni Congo.

Mimi nilikulia Buyenzi, Bujumbura. Shule niliiacha nikiwa bado naandika herufi za kupinda, lakini ramani naijua. Burundi ukiiweka juu ya Congo haionekani, ni kama punje ya mchele juu ya mkeka. Ukishaiunganisha na Congo hujaiunganisha. Umeimeza.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa patroni wa binti yangu. Huyu ni mama Mcongo mwenye saluni mjini, na binti yangu anamsukia nywele pale. Ni mwanamke mnene wa miguu, mwepesi wa mdomo, na moyo wake si mbaya. Alikuja mpaka pale nilipokaa na ndoo yangu, amevaa jezi ya Congo, kichwani amejifunga kitenge, miguuni viatu vya mbio vipya.

“Mama, usihuzunike,” akaniambia. “Congo iko kubwa. Nafasi iko. Tutawapa kakiti huko nyuma.”

“Kakiti hako ukakalie mwenyewe,” nikamjibu, “kama katakutosha.”

Akacheka mpaka akashika magoti. “Yee! Mama weye! Nyinyi Warundi mnafunga jicho moja tu kulala, nchi yote iko giza!”

“Na nyinyi nchi yenu kubwa hiyo mmeiacha na nani? Mbona wote mko hapa Durban mnasuka nywele?”

“Mbona na weye uko hapa?”

Hapo nikampa sahani ya maharage. Akala yote, akasifu, akaenda kunyoosha misuli. Ndiyo, alikuwa anakimbia. Umri hauangaliwi katika michezo yetu, kwa sababu ukianza kuuangalia hutapata watu.

Tulichobaki nacho sisi kilikuwa mbio ndefu za wanawake, kuzunguka uwanja mara tano. Na mkimbiaji wetu alikuwa mjukuu wangu.

Sasa nisikilizeni, kwa huyu nitajisifu na sitaomba radhi. Mtoto huyu alizaliwa hapa Durban, ana miaka kumi na sita, na ana miguu kama swala aliyesomeshwa. Shuleni kwao anawaacha wote. Kizulu anakiongea mpaka madereva wa taxi wanamwita dada yao. Kirundi anajua salamu na matusi mawili, ambayo si mimi niliyemfundisha. Burundi hajaiona hata siku moja. Lakini shuleni, akishinda, kuna wanaosema mgeni ameshinda, na wakisema hivyo anarudi nyumbani hataki kula. Mwaka wa kwanza alikuwa mgonjwa, hakukimbia. Mwaka wa pili, walipompa ile jezi nyekundu yenye jina la nchi mgongoni, alilala nayo. Nilimkuta asubuhi amejikunja ndani yake.

Kila mtu huku ananiita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, naye pia. Akiniita Nyogokuru, kwa Kirundi, najua ana shida. Asubuhi ile, baada ya mchungaji kutangaza sheria yake, alikuja akasema, “Nyogokuru, wakituunganisha, jezi hii nitairudisha?”

“Hutarudisha kitu,” nikamwambia. “Utakimbia, utashinda, tutakwenda nyumbani.”

Kusema ni rahisi ukiwa umekaa kwenye ndoo.

Waliondoka. Binti mmoja Mhabeshi alitoka mbele mara moja, akakimbia kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Nyuma yake Mnyarwanda mmoja mrefu. Wa tatu, siamini mpaka leo, patroni wa saluni, akipumua kama lori la Clairwood linalopanda mlima, lakini anakwenda. Nyuma yake binti Mmalawi, mdogo, mkimya. Kisha wangu, akitunza nguvu. Nilikuwa nimemwambia atunze. Sikumwambia kwa sababu najua mbio. Nilimwambia kwa sababu ndivyo ninavyomwambia kuhusu kila kitu, hata sabuni.

Mzunguko wa nne alianza kupanda. Akampita Mmalawi kama vile Mmalawi amesimama kwenye robot nyekundu, hizi taa za barabarani. Viongozi wetu wote wakasimama, suti zikafunguka vifungo. Mzee yule asiye na kazi akapiga filimbi kwa vidole, basi nikafikiri labda hiyo ndiyo kazi yake. Mbele ya mtoto sasa alibaki patroni. Akimpita huyo ni wa tatu, na Burundi inabaki Burundi. Patroni alikuwa amekwisha, miguu yake inakwenda kila mmoja upande wake. Hata mimi ningempita.

Mzunguko wa mwisho, mbele yangu kabisa, mtoto alimfikia. Na alipomfikia, akapunguza mwendo.

Nilidhani ameumia. Nikasimama, sahani ikaanguka. Hakuwa ameumia. Alikuwa anamsalimia.

Itabidi nieleze. Katika nyumba yangu mtoto hampiti mtu mzima njiani kama mbuzi. Unafika nyuma yake, unapunguza hatua, unashika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto kwa heshima, unasema amahoro, unauliza habari ya nyumbani, unaomba njia. Akikujibu, ndipo unapita. Nimemlea hivyo tangu anatambaa. Na huyu hakuwa mtu mzima tu wa njiani. Alikuwa patroni wa mama yake, mtu anayewapa unga wa kula. Basi mjukuu wangu, macho mbele, jasho linamtoka, taifa zima liko juu ya miguu yake, alishika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akawa anakimbia ameinama kidogo kama anayempa mgeni chai.

“Amahoro, mama,” nikamsikia. “Habari za nyumbani?”

Hapo kama patroni angekuwa mtu asiye na malezi, tungepona. Angenyamaza, mtoto angepita. Lakini naye alilelewa na watu, kule Uvira, ng'ambo tu ya ziwa kutoka kwetu Bujumbura, na huko salamu haiachwi chini. Akageuza kichwa, pumzi hana, akajibu.

“Amahoro, mwanangu. Kwetu wako salama. Na mama yako?”

“Yuko salama. Anakusalimu.”

“Na… na ile kichwa yake… iliyokuwa inamuuma?”

“Imepona, mama. Naomba njia.”

“Pita, mwanangu, pita.”

Walikuwa wanakimbia bega kwa bega, taratibu, kama watu wanaotoka kanisani. Na wakati patroni anasema pita, yule Mmalawi mdogo mkimya alipita, upande wa nje, bila kuuliza habari ya mtu yeyote. Mjukuu wangu alipoona akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamfukuza mpaka mwisho kabisa. Alimkosa kwa kifua.

Wa nne. Patroni akawa wa tano, akalala kwenye nyasi, jezi ya Congo imepanda mpaka kwenye mbavu.

Mwenyekiti wetu alikuja kwangu na uso wa msiba. “Mama, huyu mtoto umemfundisha nini?”

“Nimemfundisha adabu,” nikasema. “Weye watoto wako umewafundisha nini? Wako wapi? Mbona hawakimbii?”

Akarudi kwenye suti zake. Lakini msidhani moyo wangu ulikuwa mgumu kama mdomo. Mtoto alikaa chini, jezi amejifunika usoni, mabega yanatikisika. Ningemwambia nini? Kwamba angempita patroni kama mbuzi? Nilikaa karibu naye, nikamfunika kwa khanga yangu, tukangoja kumezwa.

Jioni kamati ilikutanisha mataifa yote chini ya turubai. Mchungaji alikuwa na haraka, kipaza sauti kinalia kama paka. Akasoma washindi, tukapiga makofi. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kutangaza ndoa, kwamba kuanzia mwakani Burundi na Congo watakuwa timu moja, na kama kuna mwenye neno aseme.

Viongozi wetu wote walikuwa na neno, kwa hiyo hakuna aliyesema, kila mmoja alimngoja mwenziwe. Mimi nilikuwa nimeanza kunyanyuka kwa magoti yangu haya. Aliyeniwahi ni patroni.

“Congo tunakataa,” akasema.

Mchungaji akashangaa. “Mama, Congo ni kubwa. Nafasi ipo.”

“Nafasi iko. Lakini hawa batu hatubataki. Leo kale katoto kalinisalimia mara moja tu, nimetoka wa tatu mpaka wa tano. Mara moja tu! Sasa mkibaweka ndani ya timu yetu, watafundisha vijana wetu wote kusalimia. Mpira utachezwa namna gani? Beki atamuuliza mshambuliaji habari ya mama yake? Apana. Wakae kwao.”

Turubai zima lilicheka. Mchungaji alisubiri, akafuta jasho, akawageukia Wanyarwanda, maana nao ni jirani. Wanyarwanda waliangalia viatu vyao. Akawauliza Wamalawi, ambao hata mpaka na sisi hawana. Kiongozi wao akasema, kwa upole sana, kwamba Malawi wangependa kutusaidia kwa maombi.

“Hakuna anayewataka?” mchungaji akauliza kwenye kipaza sauti, na Glenwood nzima ikasikia.

Hakuna aliyetutaka. Jiji zima la Durban, kila taifa lililokimbia njaa na risasi na ukosefu wa kazi, limekaa chini ya turubai moja, na hata mmoja hakunyoosha mkono. Mchungaji akakuna kichwa. Kumuunganisha mtu na asiyemtaka, akasema, si jambo la kikristo. Basi sheria isimame kwa wengine, Burundi ibaki ilivyo.

Nilitukanwa mbele za watu na nikashinda, vyote kwa dakika moja. Sijui mwanamke anatakiwa aweke uso gani hapo. Nilimtazama patroni. Naye alinitazama, akakunja midomo yake ile ya dharau, kisha akainua bega moja, kidogo sana, kama mtu anayesema tusizungumze. Kama alikuwa amenitania au amenisaidia, sikumuuliza. Nikimuuliza atanijibu, na yule akianza kujibu hamalizi.

Mjukuu wangu alikuwa hajaelewa. Kiswahili cha haraka cha kamati kilimpita, na alikuwa bado ana kwikwi. Akanivuta khanga.

“Gogo, wamesemaje? Wametuunganisha na nani?”

“Na hakuna. Wametukataa wote.”

Akafikiri. Nikaona macho yake yanakauka taratibu.

“Kwa hiyo jezi nabaki nayo?”

“Unabaki nayo,” nikasema. “Sasa vaa sweta juu yake, baridi hii itakuua, na hatuna mkimbiaji mwingine.”