Nati Tatu za Prezida wa Utulivu

Apolline alikuwa na miaka hamsini na mbili, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akitengeneza pikipiki nyuma ya soko la Kasongo. Ufundi alifundishwa na baba yake, dereva wa malori ya pamba, mtu aliyekuwa akisema na nati taratibu kama anayesema na mkwe.

Magari hayakumjia mara nyingi. Barabara ya Kabambare ilikuwa imekwisha kuyatafuna yote, na watu wenye haraka walipanda pikipiki. Kwa hiyo Jumanne ile asubuhi, aliposikia mngurumo unakuja, hakuinua hata kichwa. Gari lenye sauti ile lilikuwa moja tu katika mji mzima, nalo lilikuwa la Bwana Hippolyte, prezida wa Kamati ya Utulivu.

Kamati hiyo iliundwa mwaka uliopita ili kuondoa kelele mjini. Ilizima vipaza sauti vya wauza dawa, ikazipangia kwaya siku za mazoezi, ikakataza jenereta zote kuwashwa kabla ya saa kumi jioni. Prezida alizitangaza amri zake mwenyewe, kichwa nje ya dirisha, akiwa ndani ya Peugeot 404 aliyorithi kwa mjomba wake wa Nyangwe, gari lililomzidi umri. Bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka na kupasuka shingoni, basi hakuna aliyewahi kusikia tangazo hata moja mpaka mwisho. Watu walingoja lipite, kisha wakaulizana safari hii amekataza nini.

Mambo yalibadilika Jumapili. Katika kikao, Mama Régina, muuza samaki wa kukauka na mjumbe wa kamati, aliuliza kama gari la prezida liko ndani ya sheria ao liko inje. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza prezida zaidi.

Jumanne akalileta gari litengenezwe, na Apolline akaingia chini yake. Bomba lilishikwa kwenye injini na bolti tatu, kila moja na nati yake, na kutu ilikuwa imeziunganisha hata huwezi kusema nati inaishia wapi na bolti inaanzia wapi.

"Prezida, hizi zimeshikana," alisema akitoka. "Leo nazilowanisha na mazutu, kesho nazipasha moto. Urudi kesho kutwa."

"Kesho kutwa asubuyi niko na mukutano. Ni nati tatu tu, Mama Apolline."

"Ndiyo. Ni tatu."

Christophe, sekretere wa kamati, ambaye alimfuata mkubwa wake kila mahali na daftari, aliandika: nati, tatu.

Siku hiyo Apolline alizisugua kwa brashi ya waya, akazimiminia mazutu, akazigonga na nyundo ndogo, kidogo kidogo, ili mafuta yapenye. Jioni alizimiminia tena. Kesho yake asubuhi alikwenda kununua makala, mkaa wa kupashia nati moto. Aliporudi aliona miguu miwili inatoka chini ya gari, viatu vimepakwa rangi vinang'aa, na Christophe amesimama kando ameshika koti. Prezida alikuwa amechukua ufunguo wa nati, namba kumi na tatu, akauongezea bomba refu ili apate nguvu.

Kitu kililia ta.

"Imekubali," ilisema sauti chini ya gari.

Prezida alitoka na kutu kwenye nyusi, nati mkononi. Apolline aliipokea, akaigeuza. Ndani yake mlikuwa na kipande cha bolti.

"Imekatika, Prezida."

"Lakini imetoka."

"Nusu imetoka. Nusu ingine iko ndani ya injini."

Christophe aliuliza aandike namna gani. Prezida alifikiri kidogo. "Andika kazi imefika nusu."

Apolline alikwenda nyuma ya kibanda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu. Alikaa huko mpaka hasira ikapungua. Kisha aliwasha makala, akatia vyuma viwili motoni mpaka vikawa vyekundu. Kimoja alikigandamiza kwenye nati ya pili, akahesabu, akakiondoa, akagusisha mshumaa. Nta iliyeyuka ikanywewa ndani ya nyuzi za nati. Alikaza nati kidogo sana, akailegeza, akaikaza tena.

"Kumbe unairudisha?" aliuliza prezida, aliyekuwa amechuchumaa karibu.

"Naipa nafasi."

Nati ililia kama mlango wa kanisa, ikazunguka. Ya tatu ikafuata. Furaha ile, ya chuma kinacholegea mkononi, Apolline hakuwahi kuizoea.

Kilibaki kile kisiki cha bolti iliyokatika. Dawa yake ilikuwa kuchomea nati nyingine juu yake ili pawe na pa kukamatia, na mchomeaji alikuwa Bakari, ng'ambo ya barabara, mtu aliyekuja kutafuta dhahabu Kabambare akaikosa, akabaki na mashine ya kuchomea na jenereta yake. Bakari alikuja, akatazama, akakunja mikono.

"Inawezekana. Saa kumi."

"Sasa hivi ni saa tatu," prezida alisema.

"Saa kumi ndiyo sheria yako. Mwezi uliopita mulininyang'anya kamba ya mashine juu ya kuwasha dakika tano mbele ya saa."

"Mimi ndiye niliandika hiyo sheria."

"Na mimi niliisoma."

"Basi nikuje saa kumi."

"Saa kumi niko na watu kumi na wawili. Wote wanangojea saa kumi."

Ikabidi kamati ikutane pale pale, barazani kwa Apolline, ili impe prezida wake ruhusa. Mama Régina alikuja akinuka samaki, akasoma karatasi aliyoandika Christophe, akairudisha.

"Sheria haiandikiwe mutu mumoja," alisema. "Weka: fundi yeyote, saa yoyote ya muchana. Hapo natia sahihi."

Prezida alimtazama Apolline, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Apolline alikuwa anapepea makala. Karatasi ikagongwa muhuri juu ya boneti la gari. Habari ilifika sokoni kabla wino haujakauka, na saa tano jenereta zote za Kasongo zilikuwa zinanguruma, hata prezida alilazimika kupiga kelele ili kuuliza maji ya kunywa.

Bakari alichomea nati. Apolline aliikamata kwa ufunguo ingali nyekundu, akaipa nta, akaizungusha huku amefunga macho. Kisiki kilitoka kizima kama jino. Alasiri hiyo alitia bolti mpya na nati za shaba, ambazo hazishikani na kutu, na Bakari akaziba matundu ya bomba kwa bati la pipa.

Alhamisi gari liliondoka likisikika kama cherehani. Kabla ya adhuhuri lilirudi. Prezida alishuka amekunja uso.

"Umeharibu kitu, Mama Apolline. Mulango unalia, kiti kinalia, chini ya usukani iko kitu inafanya tiki tiki."

"Vilikuwa vinalia toka zamani. Hukuwa unasikia."

"Na watu hawasikie gari, hawatoke barabarani. Pikipiki ya kubeba watu imenipita, hata salamu." Alishusha sauti. "Sokoni nimesikia wananisema."

"Wanasema nini?"

Prezida alimtazama Christophe. Christophe akafunga daftari.

Apolline alichukua bisibisi, akafungua mlango wa dereva, akatafuta skrubu iliyolegea.

"Tuanze na huu. Shika hapa, Prezida. Usivute."

Akashika.