Kikombe cha Mwenye Boma

Ilianza Jumanne saa kumi jioni, likizo ya Agosti 1996. Watafiti wawili walifika kwetu Masara kuuliza chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, inaufanyia nini mwili wa mtu. Baba hakupenda Kiswahili, kwa hivyo mimi, ambaye hata darasani sikuwa nikiinua mkono, nikawa mkalimani wake.

"Muulize kama macho yanamsumbua," mmoja wao, daktari wa kike, akasema.

"Ni ukungu tu wa asubuhi," Baba akajibu kwa Dholuo. "Mwambie hata ng'ombe wanauona."

Nilitafsiri. Daktari hakucheka. Aliuliza ni nani hunywa ile chang'aa inayotoka kwanza kwenye bomba wakati wa kupika. Mama ndiye aliyekuwa akipika, na kikombe cha kwanza alimpa Baba kila asubuhi, kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye mwenye boma.

"Hiyo ya kwanza imwagwe," daktari akaniambia. "Inaweza kumpofusha."

Nilimweleza Baba. Akacheka. "Ati ninywe nyuma ya wateja? Mwambie aende akawatawale wanaume wa kwao!"

Kesho yake asubuhi Mama alikinga kikombe cha kwanza, akanituma nimpelekee. Alipoinama kuchochea moto, nilikimwaga kwenye majivu, nikakinga kingine, nikampelekea. Baba alinyoosha mkono, ukapapasa hewa kando ya kikombe.

"Ni cha kwanza, mtoto wangu?"

"Ndiyo, Baba," nikasema, nikamshikisha.