Siku Ndege ya Shosho Ilipotua Ziwani

Kando ya soko la Olenguruone kuna mashine ya kusaga unga ambayo kila asubuhi huamka kwa shida kama mzee mgonjwa wa kifua. Hukohoa mara moja ikanyamaza. Hukohoa tena, ikatema moshi mweusi unaonuka dizeli, kisha ghafla inashika, na mngurumo wake unatetemesha madirisha ya maduka hadi ng'ambo ya barabara. Kazi ilinileta huku juu kwenye baridi ya Mau miaka mingi iliyopita, na hadi leo mashine ile ikishika, moyo wangu hushika nayo. Husimama pale na debe langu la mahindi, mtu mzima mwenye watoto, nikitabasamu peke yangu. Mwenye mashine huniuliza, "Madam, leo tena umeona nini?" Yeye namwambia sioni kitu. Nyinyi nitawaambia: nasikia ndege.

Nilizaliwa Kamere, ukingoni mwa Ziwa Naivasha, mahali ambapo ukimwuliza mtu kazi yake atakujibu maua au samaki. Mama alikuwa wa maua. Baba alikuwa wa samaki. Shosho, mama yake Baba, alikuwa wa ndege.

Alipokuwa msichana mdogo, wakati wa vita vya wazungu, Shosho aliishi na mama yake kwenye shamba la setla wa kizungu ufukweni mwa ziwa hilohilo. Kulikuwa na ndege, alituambia, zilizokuwa zikitua majini. Si kando ya maji. Majini! Tumbo la kila moja ni la boti, mabawa yako juu, injini zimekaa juu ya mabawa, na abiria hushushwa kwa mtumbwi mpaka nchi kavu. Yeye ndiye aliyezisikia kabla ya mbwa wa setla, akaacha kuni chini na kukimbia. "Nilikuwa nakaa pale mpaka wa mwisho ashuke," alisema, "ndio nirudi nyumbani." Nililiona jambo hilo kuwa umbea wa kawaida wa watoto, na nilimpenda zaidi kwa sababu yake.

Kamere ilimcheka. Mama Atieno, jirani yetu aliyekaanga samaki kando ya barabara, hakuwa akikosa neno. "Shosho, ndege ikikanyaga maji itazama. Hata kuku anajua hiyo." Shosho alicheka naye, akanunua samaki wake, akaondoka. Mimi ndiye niliyechukia kwa niaba yake. Niliamini kila kitu. Nilikata mabua ya mafunjo nikayafunga kwa nyuzi za nyavu kuukuu za Baba, nikaunda ndege baada ya ndege na kuziweka majini, na Shosho akizipapasa alinirekebisha: "Mabawa juu, mami. Juu kabisa, ama yatakunywa maji." Alizipapasa kwa sababu alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kila msimu wa mvua ulipopita ukungu ule ulizidi.

Niwaeleze kidogo jinsi tulivyoitana, maana wageni wetu walichanganyikiwa. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto hurudisha jina la mkubwa wake. Baba yangu alipewa jina la baba yake Shosho, Njoroge, kwa hiyo Shosho alimwita mwanawe "baba". Mimi nilipewa jina la Shosho, kwa hiyo Baba alituita sote wawili "mami". Nyumba nzima ilikuwa imegeuka kichwa chini, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi, likizo moja ya Agosti, Baba alirudi kutoka hoteli moja ya kando ya ziwa aliyokuwa akiiuzia samaki, akasimama mlangoni na viatu vya matope. "Mami," akasema, na tuligeuka sote wawili. "Ile ndege yako inakuja."

Kuna watu, alisema, waliokuwa wameifufua ndege ya vita vile na sasa walikuwa wakizunguka nayo Afrika, ziwa kwa ziwa. Jina lake Katalina. Ingetua Jumamosi asubuhi, kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Yeye na wavuvi wenzake walikuwa wameombwa kuondoa magugu maji na kuwasogeza viboko ili njia iwe safi.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Wiki ile sikulala vizuri hata usiku mmoja. Nilimwita mbuzi wetu Katalina, naye akaitika. Lakini kila nilipofurahi, jambo moja lilinisumbua: je, macho ya Shosho yangengoja? Nilimsimamisha mlangoni kila asubuhi nikamwonyesha mlima Longonot. Siku nyingine aliuona. Siku nyingine alisema anauona, na nilijua ananidanganya ili ninyamaze. Kama asingeiona Jumamosi hiyo, asingeiona tena maishani.

Kamere nzima ilijua kwamba ndege inakuja, na Kamere nzima, Jumamosi hiyo, ilikwenda kuipokea kwenye uwanja mdogo wa nyasi wa shamba la maua. Baba alikuwa amewaambia ni ziwani. Wakacheka: ameanza kama mama yake. Na ule usafi wa ziwa? Ah, huo ni wa wageni! Si mnajua nchi yetu, mgeni akija hata mawe yanapakwa chokaa. Sembuse ziwa kufagiliwa magugu? Kwa hiyo walifukuza pundamilia uwanjani, kwaya ikajipanga, pasta akaja na Biblia yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi na Shosho tulishuka ufukweni peke yetu. Alijifunga kitambaa cha kanisani na kupaka mafuta miguu. Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kati ya harufu ya matope na mafunjo yaliyooza, na mbele yetu, mbali kidogo, Baba na wenzake walielea kwenye boti yao wakiwachunga viboko.

Shosho alisikia kwanza. Alinishika mkono kwa nguvu kiasi cha kuumiza. Kisha nami nikaisikia, nene, nzito, si kama vile vindege vya watalii vinavyolia kama mbu. Ikatokea juu ya migunga, nyeupe, pana, mabawa juu ya kichwa kama nilivyofundishwa! Ikapita kwanza juu ya uwanja wa nyasi, chini kabisa, kuwasalimia. Tukasikia mayowe. Mama Atieno alikuja kutusimulia baadaye huku ameshika kifua: "Haki ya Mungu, nilijua wamekufa! Tunaangalia, haina magurudumu! Pasta akaanza kuyaombea yatoke, sisi tunasema amina na tunakimbia!"

Ndege ikageuka, ikashuka kuelekea kwetu. Tumbo lake likagusa maji, na ukuta wa povu ukapanda pande zote mbili, ndege aina ya mwari wakaruka mamia kwa mamia, kiboko mmoja akafoka, na mimi nikawa nimesimama juu ya mtumbwi nikilia kama kichaa: "Shosho, imekanyaga! Imekanyaga maji na haijazama!"

"Nimeona," akasema. "Nimeona nyeupe." Uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Hii ni mdogo wake. Zile zetu zilikuwa na injini nne. Sasa niambie, wanashuka?"

"Shosho, iko na madirisha ubavuni kama macho ya chura!"

"Nimekuuliza, wanashuka?"

Niliudhika, nawaambia kweli. Ndege ya maajabu iko mbele yetu, yeye anauliza watu! Boti ya Baba ilikuwa imefika ubavuni, na nikaanza kumtajia kwa haraka ili nirudi kwenye ndege yangu. Mzungu mrefu wa kofia. Mama wa miwani. Mwingine mnene, anashikiliwa asianguke.

"Na Mwafrika?"

"Hakuna Mwafrika, Shosho. Ni Baba tu na wavuvi."

Aligeuza sikio kuelekea kwenye boti. Watu wa uwanjani walikuwa wamefika sasa wakihema, kwaya ikaanza kuimba ikiwa imetapakaa matope, na boti ikaja mpaka kwenye mafunjo. Wageni wakashuka mmoja mmoja, wakapita mbele ya Shosho, naye akainua uso kwa kila mmoja kana kwamba anamnusa.

"Wameisha?" akauliza.

"Wameisha, mami," Baba akajibu, akiruka majini kuivuta boti. "Nimebaki mimi tu."

Shosho aliingia majini na viatu vyake vya kanisani. Akamshika Baba kwa mikono miwili kwenye shati lililolowa, akaupapasa uso wake, na kusema polepole, "Umekawia sana, baba. Karibu nyumbani."

Mimi nilidhani anamgombeza kwa sababu alitoka alfajiri bila kunywa chai. Nilimwona analia, lakini hata mimi nilikuwa nalia, na Mama Atieno pia. Jioni Katalina iliwasha injini. Ikakohoa, ikatema moshi, ikakohoa tena, ikashika, na ziwa lote likatetemeka chini ya nyayo zangu. Sijawahi kufurahi vile tena.

Shosho alipofariki, nikiwa nimeshakuwa mwalimu, Baba aliniambia kile ambacho mama yake alimweleza usiku wa siku ile. Njoroge wa kwanza, baba yake Shosho, alichukuliwa kwenda vitani, akaondoka kwa lori pamoja na vijana wengine wa shambani. Binti yake alipolia sana, mama yake alimtuliza kwa neno la kwanza lililomjia mdomoni: usilie, waliokwenda vita vya wazungu watarudishwa na ndege ya maji. Ndiyo maana aliacha kuni chini. Ndiyo maana alingoja wa mwisho ashuke, ndege baada ya ndege, mpaka ndege zenyewe zikaacha kuja.

Baada ya Jumamosi ile, ndege nyingi zilipita juu ya Kamere, na Shosho hakuinua tena kichwa. Nilimvuta mkono, nikamwambia sikiliza, Shosho, sikiliza! Akaendelea kuchambua maharagwe yake. Niliumia, nikafikiri amezichoka ndege. Kumbe aliyekuwa akimngoja alikuwa ameshashuka.